Waliorekodiwa waione filamu kwanza, ndipo majaji waipokee

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi sauti wa filamu za hali halisi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa katika zile ambazo waandaaji wa tuzo huziita filamu za kiethnografia au za kianthropolojia: filamu zinazokaa na jamii moja kwa muda mrefu zikitazama inavyofanya kazi, inavyolea watoto, inavyogombana na kupatana, inavyozika wafu wake. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu tuzo za taifa za filamu za aina hii. Taifa lolote linalotoa tuzo hiyo liweke sharti kwamba filamu haipokelewi na majaji mpaka waliorekodiwa wawe wameitazama yote, kwa lugha yao, na maneno waliyoyasema baada ya kuitazama yaambatanishwe na fomu ya kuiwasilisha. Bila hilo, majaji wanapima jambo wasiloweza kulipima.

Nieleze kwa nini fundi sauti ndiye anayelisema hili. Mpigapicha akishusha kamera, watu hupumua na kudhani kazi imekwisha. Kipaza sauti kidogo kilichobanwa ndani ya vazi hakijui kwamba kamera imeshuka, nami mwenye hedifoni masikioni husikia yanayofuata mpaka nizime mashine. Mama anamuuliza binti yake hawa watu wataondoka lini. Mzee anamwambia jirani yake kwamba amejibu vile alivyoona wageni wanataka kujibiwa. Kijana anauliza picha hizi zinakwenda wapi, na aliyeulizwa hana la kumjibu. Maneno ya namna hii nimeyasikia kwa watu wa lugha tofauti na wa maisha tofauti kabisa, na yamenifundisha kwamba fomu ya ridhaa, ile inayotiwa saini au dole gumba asubuhi ya kwanza, hutiwa na mtu asiyejua anaridhia nini. Angejuaje? Asubuhi ile hata mwongozaji mwenyewe hajui filamu yake itakuwa nini. Filamu hupata sura yake chumbani kwa mhariri wa picha, miezi kadhaa baadaye, mbali na wenyewe. Pale ndipo sentensi ya mzee hukatwa katikati, kilio cha Jumatatu kikawekwa juu ya picha ya Alhamisi, na sauti ya msimulizi ikapewa kazi ya kueleza ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kukieleza vizuri zaidi. Ridhaa ninayoiamini ni ya mtu aliyeiona kazi ikiwa imekamilika.

Sasa tuzitazame tuzo zenyewe. India imekuwa ikitoa tuzo za taifa za filamu tangu 1954, na kuanzia filamu za mwaka 1984 iliweka fungu maalumu kwa ajili ya filamu bora ya kianthropolojia au kiethnografia. Mshindi alipokea Rajat Kamal, yaani yungiyungi la fedha. Nalisifu fungu lile kwa moyo wote. Nchi yenye mamia ya lugha ilikuwa ikisema kila mwaka, kwa sauti ya serikali, kwamba filamu inayokaa kwa subira na jamii ndogo ina thamani ya kitaifa, hata kama hakuna sinema itakayouza tiketi zake. Filamu ya namna hiyo ikitupwa katika kapu moja na filamu zote za hali halisi, huwa inashindwa kabla haijatazamwa. Inashindanishwa na filamu ya kashfa, ya vita, ya mwanamichezo mashuhuri, filamu ambazo jaji akizitazama saa tano usiku baada ya nyingine kumi bado zitamwamsha. Filamu ya watu wanaojadiliana mahari kwa saa nzima haina nafasi hapo, ingawa ndani ya saa hiyo mna sheria, uchumi, mapenzi na siasa za ukoo mzima.

Fungu hilo la India sasa halipo. Katika orodha ya washindi wa filamu za mwaka 2022, iliyotangazwa Agosti 2024, utalikuta fungu la filamu bora ya hali halisi na fungu la sanaa na utamaduni, lakini la ethnografia hulioni tena. Naona ni hasara, na natamani wenye mamlaka huko walirudishe. Lakini hata fungu hilo lilipokuwa hai, nishani ilikwenda kwa watu wawili, mtayarishaji na mwongozaji. Waliorekodiwa, ambao maisha yao ndiyo filamu yenyewe, hawakuwa na nafasi katika utaratibu wa kuwania tuzo. Hilo silisemi kwa India peke yake, maana ndivyo tuzo za filamu zilivyoundwa karibu kila mahali. Fomu inauliza jina la filamu, urefu, mwaka, lugha, nani ana haki ya kuisambaza. Haiulizi kama mwenye uso ule ameiona.

Niliwahi kuitwa kusaidia jopo la kuchuja filamu kabla hazijafika kwa majaji wakuu. Sitaitaja nchi wala taasisi. Kulikuwa na filamu moja iliyompendeza kila mtu chumbani: picha kutoka angani, ukungu wa alfajiri juu ya maji, msimulizi mwenye sauti nzito, muziki wa vinanda kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwa saa nzima na zaidi hakuna mtu wa jamii ile aliyeachwa aseme sentensi tatu mfululizo bila kufunikwa na msimulizi. Nikauliza kama wenyewe wameitazama. Aliyeongoza kikao alinijibu kwa upole kwamba swali hilo halimo katika vigezo, na kwamba tukianza kuuliza hivyo hatutamaliza. Filamu ikapita. Sikumlaumu yule bwana, maana alisema kweli: halikuwamo katika vigezo. Ndiyo maana naandika kuhusu vigezo.

Wapo watakaosema ninaleta jambo geni. Si geni hata kidogo. Ni la zamani karibu sawa na fani yenyewe. Robert Flaherty, ambaye filamu yake ya 1922 kuhusu familia ya Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu kaskazini mwa Kanada, huhesabiwa kuwa mwanzo wa filamu ndefu za aina hii, alilaumiwa sana, na kwa haki. Familia aliyoionyesha aliiunda yeye, nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie, na watu waliokuwa na bunduki walionyeshwa wakiwinda kwa chusa kama babu zao. Lakini Flaherty huyo huyo alisafisha mikanda yake kule kule kwenye baridi na kuwaonyesha Wainuit waliyokuwa wamepiga, nao wakamsaidia kupanga vipande vilivyofuata. Kwa hiyo hata mtu ambaye mwalimu wa filamu humtumia kama mfano wa kughushi alifanya jambo ambalo wengi wanaopokea nishani leo hawalifanyi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Jean Rouch, Mfaransa mpiga filamu na mwanaanthropolojia, kwa sababu ni mfano wa sauti. Mwaka 1951 Rouch alipiga filamu kuhusu wavuvi Wasorko wa Mto Niger wakimwinda kiboko. Siku zile kurekodi sauti sambamba na picha huko nje kulikuwa hakuwezekani kwa urahisi. Kamera aliyotumia ilikuwa ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na kila ukiitia ilikupa sekunde ishirini na kitu za picha, basi. Sauti ililetwa baadaye, na mhariri aliipachika alipotaka. Rouch akaweka muziki wa wawindaji juu ya kipande cha kumfukuza kiboko. Haukuwa muziki wa kigeni. Ulikuwa wimbo wao wenyewe, wa kuwapa wawindaji moyo, na yeyote aliyekaa chumba cha uhariri angesema amechagua vizuri. Miaka michache baadaye akairudisha filamu Ayorou, mji wa wavuvi hao kando ya mto huo, akaionyesha kwa watu wale wale. Wakaitazama, wakairudia, kisha wakamwambia kuna kosa: pale wanapomnyemelea kiboko pana muziki. Akajitetea kwamba ni wimbo wao. Wakamjibu kwamba kiboko ana masikio makali, na mkipiga muziki atakimbia. Rouch akauondoa muziki ule, na tangu hapo akawa mgumu sana kuweka muziki juu ya filamu zake.

Kila fundi sauti ninayefanya naye kazi kwa mara ya kwanza humsimulia kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho hakuna jaji angeweza kukigundua. Mweke profesa wa anthropolojia, mweke mwongozaji mwenye nishani, mweke mkosoaji wa filamu: wote wangesikia muziki wa asili juu ya uwindaji wa asili na kuandika alama za juu. Aliyejua kwamba kimya ndicho kilichokuwa sauti sahihi ni aliyewahi kukaa ndani ya mtumbwi akimsubiri kiboko aibuke.

Tena onyesho lile lilizaa zaidi ya sahihisho moja. Wawindaji wa simba wa eneo la jirani walimtaka Rouch aje awapige picha na wao, akaenda, akarudi kwao tena na tena kwa miaka. Filamu iliyotokana na safari hizo aliimaliza 1965 na ikapata tuzo katika tamasha la filamu la Venice, Italia. Mtu anayesema kwamba kurudisha filamu kwa wenyewe kunaua sanaa aanze kwa kuitazama hiyo.

Lakini kazi ya huyo huyo Rouch inanionya nisilifanye jambo hili jepesi, na heshima kwa msomaji inanitaka nilieleze. Mwaka 1954, karibu na Accra, alipiga filamu ya kundi la Wahauka, wahamiaji kutoka Niger ambao katika ibada yao walipandwa na pepo wenye vyeo vya kikoloni: gavana, jenerali, dereva wa treni. Wahauka wenyewe ndio waliomwita apige. Ilipoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwepo na hata mwalimu wake Rouch, Marcel Griaule, walitaka iharibiwe. Waingereza wakaipiga marufuku katika koloni lao. Kisha mwaka 1957 ikapewa tuzo Venice. Angalia hapo: waliorekodiwa waliitaka, waliofanana nao kwa rangi waliiona ni fedheha, watawala waliona inawadhihaki, na wageni wakaitunuku. Rouch alieleza pia kwamba Wahauka walipojiona kwenye picha walipandwa na pepo tena, kwa namna isiyoweza kudhibitiwa, na kwamba hilo lilimzuia kuendelea kuwaonyesha. Na mwaka 1965, Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji filamu wa Senegal, alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu.

Nalichukulia lawama la Sembène kwa uzito wote. Ndilo lawama zito kuliko yote yaliyowahi kutolewa dhidi ya fani yetu, na kusema tu kwamba Wahauka waliridhia hakulijibu. Katika filamu kama ile "wenyewe" ni nani? Wale walioonekana kwenye picha? Ukoo wao? Wote wanaoitwa kwa jina lile, hata walioko mji mkuu na wasiokubaliana na ibada ile? Jibu langu ni kwamba sharti la onyesho lisigeuzwe kuwa haki ya mtu mmoja kufuta filamu. Majaji wasiletewe karatasi yenye "ndiyo" au "hapana." Waletewe maneno. Fulani alisema hivi, mwingine alimpinga, vijana walicheka mahali hapa, wanawake walidai sehemu ile si kweli, mwongozaji alibadilisha hiki na akakataa kubadilisha kile, na sababu zake ni hizi. Ugomvi wa kweli ukiandikwa vizuri humsaidia jaji kuliko barua kumi za pongezi. Mwongozaji anayepinga maoni ya waliorekodiwa ana haki ya kupinga, na ana wajibu wa kusema waziwazi kwamba amepinga.

Hili linajibu pia hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa vijana wanaoongoza filamu zao za kwanza. Wanauliza: kama nimerekodi mkubwa anayewadhulumu watu wake, nimpe nafasi ya kuizuia filamu? Hapana. Umpe nafasi ya kuitazama na kusema, na wale anaowadhulumu uwape nafasi ya kuitazama mahali asipokuwepo yeye. Hapo ndipo utakapojua kama uliyoyarekodi yatawaletea madhara ukishaondoka. Jambo hilo la madhara halijulikani kwa kukaa na majaji hotelini. Anayelijua ni mtu atakayebaki pale pale baada ya wewe kupanda gari.

Kuna mambo mengine ambayo hayatakiwi kuonekana kabisa. Australia ina filamu za ibada za Waaborijini zilizopigwa na Roger Sandall miaka ya 1960 na 1970 ambazo leo zimefungwa, kwa kuwa zina mambo ya siri yanayoruhusiwa kwa watu fulani tu. Zilipigwa kwa ustadi mkubwa. Na huko huko Australia, kati ya 1970 na 1982, Ian Dunlop alifanya kazi na watu wa Yirrkala, kaskazini mwa nchi, wakishauriana kipi kirekodiwe na kipi kiachwe, na zikatoka filamu 22 ambazo wazee walizitaka kwa ajili ya vizazi vyao. Tofauti ya mambo haya mawili haionekani kwenye skrini. Fremu zinaweza kuwa nzuri sawa, sauti safi sawa. Imo katika mazungumzo yaliyofanyika nje ya filamu, na kama fomu ya tuzo haiyaulizi mazungumzo hayo, majaji wanaweza kutunuku siri iliyoibwa huku wakiamini wanaheshimu utamaduni.

Tuzo ya taifa ina uzito ambao tamasha la wataalamu halina. Matamasha ya filamu za kiethnografia yapo, na mazuri: la New York lenye jina la mwanaanthropolojia Margaret Mead tangu 1977, la Paris aliloanzisha Rouch mwaka 1982, la taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza, la Göttingen huko Ujerumani. Kule filamu ikiisha taa huwashwa na watu hubishana na mwongozaji akiwa amesimama mbele yao. Jopo la taifa hukaa faraghani, na likitoka hutangaza. Filamu ikishapigwa muhuri wa taifa, televisheni ya umma huinunua, shule huionyesha, na mtoto wa jamii ile hukua akiambiwa na darasa zima kwamba "nyinyi ndivyo mlivyo, tumeona." Kosa la mhariri mmoja wa picha hugeuka kuwa maelezo rasmi ya watu walio hai.

Wakati mwingine watu hao hawakuulizwa hata kama wanaihitaji. Mwaka 1966, watafiti Sol Worth na John Adair walipokwenda kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, kuwafundisha vijana kutumia kamera, mzee mmoja aliuliza kama kupiga filamu kutawadhuru kondoo. Akaambiwa hapana. Akauliza kama kutawafaa kondoo. Akaambiwa hapana. Basi, akasema, kwa nini mpige filamu? Nimelitafakari swali lile mara nyingi nikiwa nakunja nyaya zangu jioni. Kondoo kwake walikuwa maisha. Alikuwa anauliza kazi hii ina faida gani kwa wenye maisha haya, na fani nzima inapaswa kuwa na jibu kabla ya kupanda jukwaani kupokea nishani.

Jibu moja limetoka Brazil. Vincent Carelli na wenzake walipoanza mradi wa kupeleka video vijijini kwa wenyeji wa asili, mwaka 1986 na 1987, waliwarekodi Wanambikwara katika sherehe ya msichana aliyevunja ungo, kisha wakawaonyesha papo hapo. Wenyewe hawakupendezwa: walijiona wamevaa nguo nyingi mno, wakasema siyo hivyo. Wakaifanya tena kama walivyotaka ionekane, na katika msisimko huo wakarudisha desturi ya kutoboa pua na mdomo waliyokuwa wameiacha kwa miaka mingi. Mtaalamu mkali atasema jamii imebadilishwa na kamera. Ni kweli. Lakini kamera huibadilisha jamii kila inapoingia. Pale wenyewe waliona mabadiliko hayo yakitokea na wakaamua yaelekee wapi.

Kuhusu majina, sina mengi, ila moja linanigusa. Mwaka 1969 bodi ya taifa ya filamu ya Kanada ilitoa filamu kuhusu Wamohawk, watu wa asili wa eneo la mpaka wa Kanada na Marekani, waliofunga daraja kudai haki ya kupita na bidhaa bila ushuru. Kazi ile iliongozwa kwa sehemu kubwa na Mmohawk, Michael Kanentakeron Mitchell, lakini jina la mwongozaji lililotajwa lilikuwa la mtu mwingine. Miaka mingi baadaye bodi ilirekebisha, na leo Mitchell ndiye anayetajwa. Fomu ya tuzo inayouliza mapema nani alifanya nini, pamoja na wakalimani na waliofungua milango, ingepunguza makosa yanayosahihishwa wahusika wakiwa wazee.

Najua hoja ya gharama. Kurudi kuonyesha filamu kunahitaji nauli, projekta, umeme, mkalimani, na siku kadhaa za subira, maana watu hawaachi kazi zao kwa sababu wewe umefika. Ndiyo. Lakini bajeti ya filamu huwa na fungu la kurekebisha rangi, la kuchanganya sauti (hilo ndilo linalonilisha, na bado nasema hivi), la bango na la kusafiri kwenda matamashani. Fungu la kurudi liandikwe tangu siku ya kwanza pamoja na hayo, na mashirika ya taifa yanayotoa ruzuku za filamu yalitambue kama gharama halali. Anayetoa tuzo akiliweka sharti hili, anayetoa ruzuku atalifuata haraka, kwa sababu kila mmoja wao anataka filamu aliyoigharimia ishinde.

Na siku ya onyesho pawe na nakala ya kubaki. Si kiungo cha mtandaoni kinachokufa baada ya mwaka. Faili kamili, pamoja na mikanda ambayo haikutumika, iwekwe mahali ambapo watoto wa waliorekodiwa wanaweza kuipata. John Marshall alianza kuwapiga picha Wajuǀʼhoansi, jamii ya Wasan wa Kalahari, akiwa kijana, na kazi yake ya 1950 hadi 2000 iliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Inahifadhiwa Washington, Marekani. Imehifadhiwa vizuri, na nawashukuru waliofanya kazi hiyo, lakini mjukuu wa aliyerekodiwa yuko ng'ambo ya bahari. Tuzo ya taifa inaweza kuuliza swali dogo tu: nakala iko wapi, na nani miongoni mwao ana ufunguo?

Ningependa waandaaji wa tuzo waanze na msimu mmoja wa majaribio. Fomu iongezewe ukurasa mmoja: filamu ilionyeshwa wapi, lini, kwa lugha gani, nani alitafsiri, walisema nini, ulibadilisha nini. Sauti ya mazungumzo hayo irekodiwe na iwasilishwe pamoja na filamu, na jopo liwe na angalau mtu mmoja anayeielewa lugha hiyo bila mkalimani. Kwa filamu za jamii ambazo ni hatari kuzikusanya mahali pamoja, kwa sababu ya vita au chuki, jopo liwe na uwezo wa kukubali onyesho la watu wachache, faraghani. Jambo gumu kuliko yote litakuwa mkalimani, kwa sababu yule aliyelipwa na mwongozaji wakati wa kurekodi hawezi kuwa ndiye anayetafsiri lawama dhidi yake. Mkalimani wa siku ya onyesho ateuliwe na kulipwa na waandaaji wa tuzo. Mafundi wenzangu wa sauti tunaweza kusaidia katika hilo, na niko tayari kutoa muda wangu bila malipo kwa kamati yoyote itakayotaka kulijaribu.

Wako,
Fundi sauti wa filamu za hali halisi